Kunoa na kutunza chensoo: mnyororo uteme maranda, si unga

Mtu akileta chensoo kwa fundi na kusema "haina nguvu", fundi anayeijua kazi yake hakimbilii injini. Anauliza kwanza: inatema nini? Kama inatema maranda, vipande vinene vinavyoshikika kwa vidole, basi tufungue kifuniko tuangalie plagi na kabureta. Kama inatema unga laini kama sembe, injini haina kosa. Mnyororo ni butu, na kinachokosa nguvu ni meno.

Huku Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, kuanzia Shamba la Miti Sao Hill kule Mufindi hadi mashamba ya watu binafsi ya misindano na mikaratusi ya Njombe na Makete, mara nyingi mashine iliyoangusha mti asubuhi ndiyo hiyohiyo inayopasua mbao mchana. Kazi hizo mbili zinakula meno kwa namna tofauti, na siku nzima tupa haijatoka mfukoni. Ikifika jioni mpasuaji ameilalia mashine kwa kifua, moshi unafuka kwenye mkato, baa, ule ubapa wa chuma unaobeba mnyororo, imebadilika rangi kwa joto, na lawama zote zinaenda kwa aliyeuza mashine. Mwongozo huu ni wa mpasuaji huyo, na wa bosi wake anayenunua minyororo mipya wakati ile ya zamani bado ina nusu ya maisha yake.

Kanuni ninayoishikilia ni hii: noa kabla haijawa butu. Kila unapojaza tangi la petroli, piga kila jino tupa mara mbili au tatu. Kwa mtu aliyezoea ni kazi ya dakika chache, na injini nayo inapoa. Ukingoja mpaka mashine ikatae kuingia kwenye mti, utalazimika kupiga kila jino mara kumi na zaidi, utakula chuma kingi kwa mkupuo, na mnyororo wako utaisha kabla ya wa jirani anayenoa kila mara. Watu wengi hawaamini hili. Wanadhani tupa ndiyo inayomaliza mnyororo, kumbe kinachoumaliza ni ubutu.

Lijue jino kwanza

Shika jino moja ulitazame kwa karibu. Lina ukingo wa juu unaonyanyua maranda, na lina ubavu unaokata nyuzi za mti pembeni mwa mkato. Vinapokutana viwili hivyo panatokea pembe. Pembe hiyo ndiyo inayobeba mzigo mkubwa wa kazi, na ndiyo inayokufa kwanza. Mbele ya jino kuna kinundu. Hicho hakikati kitu, kazi yake ni kupima jino lizame kiasi gani. Juu na ubavuni jino limepakwa kromu, ngumu sana na nyembamba sana. Ndani ni chuma kinachokubali tupa. Unaponoa unakula chuma cha ndani ili ile kromu ibaki na ukingo mkali.

Utaona pia kwamba meno yamepangwa moja kulia, moja kushoto, mpaka mwisho. Mpangilio huu una historia yake. Mwaka 1946 mkata miti wa Oregon, Marekani, aitwaye Joseph Buford Cox alikuwa akipasua kuni, akamwona funza mkubwa kwenye kisiki akitafuna mti bila shida, akienda na nyuzi au akizikata, mataya yake yakipiga kushoto na kulia. Minyororo ya wakati huo ilikuwa na meno yanayokwaruza tu, kama ya msumeno wa mkono, na kuinoa ilikuwa adhabu. Cox akatengeneza jino lililopinda, la kulia na la kushoto, na mwaka 1947 akaanza kuuza. Mnyororo uliomo kwenye mashine yako leo ni mjukuu wa ule.

Sasa geuza jino lielekee jua. Makali ya kweli hayaonekani, kwa sababu ni membamba mno kuakisi mwanga. Ukiona uzi mweupe unang'aa kwenye ukingo au pembeni, huo ndio ubutu wenyewe. Utapiga tupa mpaka uzi huo upotee. Hakuna kipimo kingine cha dukani kinachoshinda hiki.

Tupa ipi?

Hapa hakuna kubahatisha. Tupa ya duara lazima ilingane na pichi ya mnyororo, yaani kipimo cha nafasi kati ya ribiti zake, zile pini zinazounganisha viungo. Kama hujui pichi, pima kutoka katikati ya ribiti moja hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha gawa kwa 2. Ukipata kama milimita 8.25, pichi ni inchi 0.325, na tupa yake ni ya milimita 4.8. Ukipata 9.5, pichi ni inchi 3/8, na tupa ni ya 5.2 au 5.5 kutegemea mtengenezaji wa mnyororo, soma pakiti. Ukipata kama 10.3, hiyo ni inchi 0.404, tupa ni ya 5.5.

Kuna mtego mmoja: mashine ndogo za nyumbani nazo huwa na mnyororo wa 3/8, lakini wa meno mafupi. Ribiti zitakupa 9.5 ileile, ila tupa yake ni ya milimita 4. Ukiingiza ya 5.5 humo utaharibu jino kwa mpigo mmoja. Mashine za kazi kama Stihl MS 381 au Husqvarna 372 hutumia 3/8 ya kawaida. Ile Stihl 070 ya zamani, ambayo bado inanguruma kwenye misitu mingi ya Afrika, ni ya 0.404.

Tupa nayo huisha. Ikianza kuteleza badala ya kuuma, hata kama kwa macho inaonekana nzima, usiionee huruma. Isipakwe oili, maana oili hushika chenga za chuma na kuziba meno yake. Iwe kavu, na iwe na mpini. Tupa isiyo na mpini ikiteleza, mkia wake unaingia kwenye kiganja.

Kunoa, hatua kwa hatua

1. Zima injini, iache ipoe, chomoa kofia ya plagi. Vaa glavu. Sugua mnyororo kwa brashi yenye mafuta ya taa kidogo kuondoa utomvu. Utomvu wa msindano unaziba tupa upesi. Wakati unasugua, kagua nyufa na ribiti zilizolegea.

2. Bana baa. Nyumbani tumia jiliwa. Porini chagua kisiki, kikate mfereji kwa mashine yenyewe, zima, kisha tumbukiza baa humo isimame wima. Kaza mnyororo zaidi kidogo kuliko kawaida ili meno yasiyumbe, na weka breki. Ukitaka kusogeza mnyororo, achia breki, vuta kwa mkono wenye glavu, funga tena.

3. Tafuta jino fupi kuliko yote. Mara nyingi ni lile lililopiga jiwe au msumari. Lipime urefu wa sehemu ya juu kwa kalipa, na kama huna, kwa kijiti kilichokatwa kulingana nalo. Hilo ndilo kiongozi: meno mengine yote yatafupishwa yalingane nalo. Weka alama kwa maka peni ili ujue ulipoanzia.

4. Laza tupa ndani ya jino, sambamba na ardhi, huku sehemu moja ya tano ya unene wake ikitokeza juu ya ukingo wa jino. Kwa tupa ya 5.5 hiyo ni kama milimita moja tu. Ukiizamisha chini sana, jino linakuwa na ndoana kali inayouma kwa pupa na kufa haraka. Ukiipandisha juu sana, mgongo wa jino unakuwa butu hata kama umenoa saa nzima.

5. Elekeza tupa kwa pembe ya digrii 30 kutoka kwenye mstari unaokata baa moja kwa moja. Minyororo mingi ina alama ya mstari juu ya jino inayoonyesha pembe hiyo, ifuate. Kwa mti mgumu uliokauka, teremsha hadi 25. Makali yanakuwa manene kidogo lakini yanakaa.

6. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje. Mpigo mmoja mrefu, wa utulivu, ukiegemea nyuma na juu kidogo ili tupa iume jino na isishuke kula viungo vya chini. Kurudi, inua tupa. Tupa inakata ikienda mbele tu. Ukiikokota kurudi unaiua bure. Kila baada ya mipigo michache izungushe kidogo mkononi ili iishe sawasawa.

7. Hesabu mipigo. Jino la kwanza likitaka mitatu, yote ya upande huo ni mitatu. Maliza upande mmoja wote, kisha hamia upande wa pili wa baa.

Hatua hiyo ya saba inaonekana ndogo, lakini hapo ndipo mikato inayopinda inapozaliwa. Mtu wa mkono wa kulia ana upande mmoja anaopiga kwa nguvu na mwingine anaopiga kwa kusitasita. Baada ya wiki kadhaa meno ya upande mmoja ni marefu kuliko ya pili, na mashine inaanza kuvuta kuelekea kwenye meno marefu na makali. Mpasuaji anadhani baa imepinda. Pima meno mawili ya kila upande kwa kalipa kabla hujaenda kununua baa.

Na grenda? Nimeona meno yaliyonolewa kwa grenda ya mkono barabarani mpaka yakawa ya bluu. Rangi hiyo maana yake chuma kimepikwa. Ugumu wake umevurugika, na siku ya pili tupa inateleza juu yake au makali yanalala baada ya gogo moja. Mashine ya kunolea ya mezani, ile yenye jiwe jembamba, inafaa kwa mnyororo ulioharibika sana na unaohitaji kusawazishwa, mradi fundi aguse na kuachia, aguse na kuachia. Kwa kazi ya kila siku tupa inatosha.

Vinundu: kazi inayosahaulika

Kuna mtu ananoa kila siku, jino halina uzi mweupe hata chembe, na mashine bado inatema unga. Tatizo lake ni vinundu.

Sehemu ya juu ya jino imeinama kuelekea nyuma. Kadiri unavyolinoa linarudi nyuma, na kadiri linavyorudi nyuma linashuka. Kinundu kilicho mbele hakijaguswa, kimebaki na urefu wake wa dukani. Inafika siku jino na kinundu vinalingana, na jino haligusi tena mti. Linaelea juu ya kinundu. Hapo hata ukinoa kwa wembe haitasaidia.

Kwa mnyororo wa 3/8 na wa 0.325, kinundu kinatakiwa kiwe chini ya jino kwa milimita 0.65 hivi. Kwa 0.404 ni kama 0.8. Kipimo chake ni kibati chenye tundu ambacho kinauzwa bei ndogo, na mara nyingi kinakuja pamoja na seti ya tupa. Kilaze juu ya meno, kinundu kitokeze kwenye tundu, kilichozidi kipunguze kwa tupa bapa, kisha zungushia mbele yake kidogo kiwe na mteremko kama kilivyotoka kiwandani. Fanya hivyo kila baada ya kunoa mara nne au tano.

Usikisie kwa macho. Kuna wapasuaji wanaoteremsha vinundu makusudi ili mashine "ile" zaidi. Inakula kweli, kwa muda. Kisha inaanza kurukaruka, inanyakua mti, klachi inateseka, na ncha ya baa ikigusa tawi mashine inapiga teke kumrudia aliyeishika. Teke hilo halimpi mtu nafasi ya kufikiri. Breki ya mnyororo, ambayo watengenezaji walianza kuiweka mwanzoni mwa miaka ya 1970, ipo kwa ajili ya teke hilo. Kama mashine yako ni ya zamani isiyo na breki, una sababu zaidi ya kuheshimu hizo milimita 0.65.

Anayepasua mbao

Kuangusha ni kukata nyuzi za mti kwa kuvuka. Kupasua ni kufuata urefu wa gogo, na mnyororo wa digrii 30 humo unataka kuvuta pembeni na kuacha ubao wenye mawimbi. Mnyororo wa kupasulia hunolewa kwa digrii 10 hivi, ukingo wake karibu unakata baa wima. Unakwenda taratibu kidogo, lakini unatoa uso laini na ubao wa unene mmoja, na fundi seremala hatakurudishia mbao zako.

Ushauri wangu kwa mwenye mashine moja ni kuwa na minyororo miwili, mmoja wa kuangushia na mmoja wa kupasulia, kila mmoja na alama ya rangi kwenye kiungo. Kubadilisha ni nati mbili tu. Kuugeuza mnyororo mmoja kutoka digrii 30 kwenda 10 na kurudi ni kuusaga bure.

Na katika kupasua, usihukumu makali kwa unga peke yake. Baa ikikata ncha za nyuzi, hata mnyororo mkali hutoa chenga ndogo. Ukiilaza baa kufuata urefu wa gogo, nyuzi ndefu zinatoka na kujaa kwenye kifuniko cha klachi, zima uzitoe. Kama una shaka na makali, kata ncha ya gogo kwa kuvuka ndipo uangalie kinachotoka.

Miti na vitu vinavyoua makali

Msindano mbichi ni rafiki. Mninga nao haukusumbui sana. Mtiki una silika ndani yake, na utanoa mara nyingi kuliko ulivyopanga hata kama mti wenyewe si mgumu wa kutisha. Mvule una hila yake: ndani ya shina huwa na mawe, madonge ya chokaa ambayo mti wenyewe umeyatengeneza na hayaonekani kwa nje. Mnyororo ukiyagonga, pembe za meno zinakwenda kwa sekunde moja. Mpingo sina haja ya kuueleza kwa aliyewahi kuugusa. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, na unataka makali ya digrii 25 na subira.

Lakini adui mkubwa kuliko miti yote ni udongo. Gogo lililoburutwa na trekta au ng'ombe limejaa mchanga kwenye maganda. Bandua ganda kwa panga mahali mkato utakapopita; dakika moja ya panga inaokoa nusu saa ya tupa. Usiache ncha ya baa iguse ardhi unapomalizia mkato: acha kidogo, geuza gogo, malizia kutoka juu. Miti ya mipakani ina seng'enge iliyomezwa na gome, na miti ya kando ya barabara ina misumari ya matangazo. Doa jeusi au la bluu kwenye mti mbichi mara nyingi ni chuma kinachooza ndani.

Kukaza mnyororo

Kaza ukiwa umepoa. Legeza nati za kifuniko, nyanyua ncha ya baa kwa mkono, zungusha skrubu ya kukazia mpaka mnyororo ushike chini ya baa bila kuning'inia, kisha funga nati huku ncha bado imenyanyuliwa. Uvute kwa mkono wenye glavu: unatakiwa uzunguke bila kukwama, na ukiuvuta juu katikati ya baa vijino vya chini visitoke kabisa kwenye mfereji.

Ukipata moto utarefuka na kulegea, kwa hiyo utaukaza tena kazini. Ukimaliza kazi, ulegeze. Ukiuacha umekazwa ukiwa wa moto, ukipoa unanywea na kuivuta shafti ya injini usiku kucha. Mnyororo mpya ulowekwe kwenye oili kwanza, halafu uzungushwe dakika mbili tatu bila kukata, ndipo ukazwe upya.

Baa, sproketi na oili

Kila siku geuza baa juu chini ili iishe pande zote mbili. Safisha mfereji wake kwa waya mwembamba au kipande cha bati, na tundu la oili lililo karibu na nati lizibuliwe. Mashine nyingi zinazodaiwa pampu imekufa zina tundu lililozibwa na unga na oili iliyoganda. Kingo za baa zikitoa makali ya pembeni, yaondoe kwa tupa bapa. Kama ukingo mmoja umekuwa mfupi kuliko mwingine, mkato utapinda hata kama meno ni sawa.

Sproketi, gurudumu lenye meno linalozungusha mnyororo, inaishi kama minyororo miwili au mitatu. Ikishachimbika nusu milimita, ibadilishe. Sproketi iliyochakaa inaharibu mnyororo mpya kwa siku chache.

Sasa oili. Karibu kila mahali watu hujaza oili chafu iliyotolewa kwenye injini ya gari, kwa sababu ni ya bure. Naelewa. Lakini oili hiyo ina chenga za chuma za injini iliyotoka, imekuwa nyepesi, na inamwagikia mikono, nguo na udongo wa shamba. Isitoshe, oili iliyotumika si kitu cha kugusana na ngozi kila siku kwa miaka. Oili ya minyororo ikikosekana, nunua oili mpya ya kawaida ya injini, ya SAE 30 au 40. Mafuta ya alizeti yanalainisha vizuri ukiwa kazini, ila mashine ikilala nayo wiki mbili yanaganda na kushika kama gundi. Ukiyatumia, safisha kabla ya kuihifadhi.

Jaza tangi la oili kila unapojaza petroli. Petroli ikiisha, oili inatakiwa iwe imebaki kidogo tu. Ikibaki imejaa, kuna kitu hakipiti. Jaribu hivi: washa, elekeza ncha ya baa kwenye kisiki cheupe kwa umbali wa shibiri moja bila kukigusa, vuta mafuta. Mstari wa oili ukichoreka kwenye kisiki, uko salama.

Injini kwa ufupi

Petroli ichanganywe na oili ya injini za stroki mbili. Oili nzuri ya chensoo ni 1 kwa 50, yaani mililita 100 kwa lita 5. Oili ya kawaida ya stroki mbili ni 1 kwa 25, mililita 200 kwa lita 5. Soma chupa, tumia kikombe chenye alama, usikisie kwa kifuniko. Oili ya bodaboda ya stroki nne isiingie humo kabisa. Dumu la mchanganyiko liandikwe, maana petroli tupu ikiingia kwenye tangi kwa bahati mbaya, pistoni inachunwa kabla hujamaliza gogo moja. Changanya ya kutumia ndani ya wiki chache, si ya msimu.

Chujio la hewa lifunguliwe kila siku ya kazi. Kung'uta, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kama aina yake inaruhusu, likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Usiendeshe mashine bila chujio hata kwa "kujaribu tu". Mapezi ya silinda nayo yasafishwe kwa brashi, kwa sababu ndiyo yanayopoza injini.

Plagi ichomolewe mara moja moja. Rangi ya kahawia ni afya. Nyeusi na yenye unyevu, mafuta yamezidi au chujio limeziba. Nyeupe, mafuta ni machache na joto limezidi. Hapo zima mashine mpaka chanzo kijulikane. Mwanya wake ni milimita 0.5. Skrubu za kabureta, ile ya H na ya L, mwachie fundi. Unayoweza kugusa ni ile ya mwendo wa chini: mnyororo ukizunguka wakati hujavuta mafuta, ilegeze mpaka usimame. Usiposimama, springi za klachi zimechoka.

Mashine inayokwenda kulala mwezi mzima itolewe petroli yote kwenye tangi, kisha iwashwe mpaka izime yenyewe ili kabureta ikauke.

Mnyororo umekwisha lini?

Meno mengi yana alama ndogo nyuma inayoonyesha mwisho wa kunoa. Isipokuwepo, sehemu ya juu ikifikia milimita 4 hivi kwenye jino lolote, umefika. Unaweza ukawa bado unakata, na hapo ndipo kishawishi kilipo, lakini jino fupi namna hiyo linaweza kukatika na kuruka likiwa kwenye mwendo. Usimpe dogo anayejifunza kazi eti "aanzie na huu". Ukate kwa patasi ya chuma vipande viwili ili asije mtu akaufunga tena kwenye mashine, kisha uza pamoja na chuma chakavu.